Dua ya Mwongoza Njia

Miguu niliyojaliwa mimi, hata punda huiamkia shikamoo. Lakini mwongoza njia wetu alinichosha. Kila tulipovuka kijito kule porini alivua kofia, akashika begi la kila mmoja wetu watano, mpwa wangu akiwemo, kwa kiganja kigumu kama soli, akamwombea mmoja mmoja, polepole, kana kwamba safari ni ya wazazi wake. “Mzee, Mungu ana macho,” nikamchokoza, “ya nini kutupapasa?” “Subiri zamu yako,” mzee akanijibu. Siku ya nne ukungu ukatanda, hata pua yangu nikawa siioni. Kijitoni akagusa mabegi manne, kisha mkono ukabaki hewani. “Mpwa wako yuko wapi?” Mimi, niliyemwapia dada yangu kwamba namlinda bintiye, nilikuwa mbele nikijisifu peke yangu! Tukarudi tukiita. Tukamkuta juu ya jiwe, kifundo cha mguu kimevimba, analia huku akinifokea: “Mjomba, masikio umeyaacha nyumbani?” Nikamkumbatia. Yule mzee alivua kofia, akashika begi la binti, akaendelea na dua pale pale alipoishia, nami nikaitikia amina kabla hajamaliza.