Kanuni ya Aliye Karibu

Hadi leo nikikutana na wakwe wa mwanangu sokoni hujifanya nachagua nyanya, maana aibu niliyoipata kwao niliitafuta kwa gari langu mwenyewe.

Mnanijua, shule niliishia darasa la nne, lakini serikali iliporuhusu biashara huria nilianza na belo moja la mitumba pale sokoni Kwa Sadala, na sasa nina pikapu mbili (nyumba sizitaji, nisionekane najisifu). Siri yangu ilikuwa kanuni moja: mzigo ukiwa wa watu wengi, mpelekee aliye karibu, ukitoka hapo mtazame tena aliye karibu, basi. Moshi mjini, kwenye tambarare, haikuwahi kuniangusha.

Siku ya kumposea mwanangu Aloisi binti wa huko mlimani, mbege, pombe yetu ya ndizi, ilitakiwa ifike kwanza kwa mjomba wa binti, kwa shangazi yake na kwa babu yake, ndipo baba yake atusikilize saa nane mchana. Mke wangu akasema, "Baba Aloisi, waulize wenyeji njia." Nikamjibu, "Anayeuliza ni asiye na gari."

Kwa mjomba tulifika vizuri. Shangazi alikuwa juu kidogo, barabara ileile, lakini ng'ambo ya korongo nikaona bati la babu, karibu kiasi cha kusikia mbuzi wake, nikasema kanuni ni kanuni. Kumbe korongo halipitiki kwa gari, tukashuka hadi lami, tukapanda mgongo wa pili wa mlima, saa nzima. Na kutoka kwa babu, aliye karibu kwa macho ni nani? Shangazi, kulekule tulikotoka. Tukashuka tena (mshenga wetu yuko nyuma na suti, amekumbatia pipa, mbege inamrukia kifuani). Kisha baba wa binti naye kumbe anakaa mgongo uleule wa babu, tukarudi huko tena.

Tulifika saa kumi na moja, pipa limebaki povu. Ukoo mzima uko uani, na babu alishakuja zamani kwa miguu.

"Mzee, gari ilisumbua," nikadanganya.

"Gari haikusumbua," babu akasema. "Tumeiona toka mchana, inashuka, inapanda, tukadhani unaposa kila mgongo. Rudini Jumapili na pombe iliyojaa. Na wewe, baba mtu, uje kwa miguu, upitie korongoni."

Jumapili nilipita huko na debe kichwani, wanawake wamejipanga migombani kunitazama, na Aloisi akapewa mchumba. Nimeapa sitaisifu tena kanuni iliyonitajirisha tambarare mpaka niijaribu kwanza mlimani, tena siku ambayo hakuna mtu anayeoa.