Upande wa Jua Uwanjani Mikumi

Timu yetu haina uwanja Kilosa. Mechi zake za nyumbani huchezwa Mikumi, na kwa misimu mingi sisi mashabiki wa tawi la Magomeni, hapa hapa Kilosa, tuliifuata huko kila Jumamosi kwa Coaster ya kukodi. Tuliondoka baada ya adhuhuri, tukafika kabla ya saa kumi, tukaingia uwanjani kwa pamoja nyuma ya ngoma zetu. Hatukuwa na utaratibu mwingine. Mwanachama wa tawi letu haingii peke yake.

Tawi hilo lilianzishwa na marehemu mume wangu. Alipofariki nilikaa eda mpaka siku yake ya mwisho, ambayo ilikuwa Jumatano, na Jumamosi iliyofuata nilipanda Coaster nikakaa kiti cha mbele. Wapo waliodhani tawi lingezikwa pamoja naye. Wanachama walinichagua kuwa mwenyekiti, nami sikuona sababu ya kukataa. Nilianza shule nikiwa na watoto wakubwa, na mtihani wa kidato cha nne niliufanya katika chumba kimoja na rafiki wa mwanangu wa mwisho. Kuongoza watu wazima wanaopenda mpira hakukunitisha.

Kilichonitisha ni ratiba. Msimu uliopita haki ya kuonyesha ligi yetu ilinunuliwa na kituo cha televisheni, na kuanzia Ijumaa ya pili ya Januari mechi zetu zilihamishiwa Ijumaa, saa nane mchana. Jumamosi saa kumi walipewa wakubwa wa Dar es Salaam. Hakuna aliyetuuliza. Wengi wetu ni Waislamu, na dereva wetu ni mmoja wao. Swala ya Ijumaa ikimalizika, bado kuna vumbi na matuta yote ya kutoka Kilosa hadi Mikumi. Siku hizi mtu hupanda treni ya umeme Dar es Salaam akashuka Kilosa hata hajachoka, lakini treni hiyo haielekei Mikumi. Kila Ijumaa tuliingia uwanjani kipindi cha pili kikiwa kimekwenda mbali. Ijumaa ya pili ya Februari tulimkuta mwamuzi anatazama saa yake.

Katibu wetu ni Mwanglikana kutoka milimani, na Ijumaa mchana hana kinachomzuia. Nilimwambia atangulie na wenzake.

“Nikatangulie kumshangilia nani, mama, bila ngoma?” alinijibu. “Nitaonekana nimepotea njia.”

Jirani yangu mmoja anamiliki banda la video. Kila tuliporudi alikuwa amesimama mlangoni kwake, ameshika kiuno.

“Shikamoo, mama mwenyekiti.”

“Marahaba.”

“Leo mmewahi nini?”

“Tumewahi kuona jasho la wachezaji.”

“Hamia kwangu, mama yangu. Feni ipo, na mechi unaiona tangu wanapoingia.”

“Nikihamia nimshangilie nani, feni?”

Alicheka, lakini mabenchi yake yalikuwa yanajaa watu wangu. Coaster isiyojaa haiondoki, na tawi lisilosafiri hubaki jina tu. Kwa hiyo, katika mkutano wa mwisho wa Februari uliofanyika barazani kwangu, nilisema jambo moja: kabla msimu haujaisha tuone mechi moja nzima, tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, sote pamoja. Tukishindwa, ngoma nitazikabidhi kwa mwenye banda.

Tulianza kwa ustaarabu. Tulipiga simu kwa wasimamizi wa ligi, wakasema ratiba hupangwa na televisheni. Tukapigia televisheni, wakasema ratiba hupangwa na ligi. Nilirudia simu zote mbili Jumatatu iliyofuata, nikapata majibu yale yale kwa adabu ile ile. Ndipo tukaamua kugoma.

Ijumaa ya kwanza ya Machi tulifika Mikumi, tukaketi nje ya geti na kuliacha jukwaa letu tupu. Ni jukwaa la upande wa magharibi, lenye paa la bati, na tangu enzi za mume wangu sisi hukaa hapo kwa sababu ndipo penye kivuli. Nilitaka nchi nzima ione pengo letu. Tulisikia kelele za goli tukiwa nje, tukavumilia. Nilirudi Kilosa nimenyoosha shingo.

“Mechi ilikuwa tamu,” alisema mwenye banda.

“Hukuona jukwaa lilivyokuwa tupu?”

“Jukwaa gani, mama? Sisi huonyeshwa kule ng’ambo, kwenye nyasi, palipo na jua. Na pale patupu siku zote.”

Ndipo nilipoelewa. Kamera ilikuwa juu ya bati letu, juu ya vichwa vyetu, ikitazama mashariki, kwa kuwa nayo haitaki jua machoni. Sisi tulioujua uwanja hatukuwahi kuiona mechi kwenye televisheni, na wenzetu waliohamia bandani waliona aibu kutuzungumzia mechi. Kwa hiyo hakuna aliyemwambia mwenzake.

“Kumbe tumeigomea kamera mgongoni,” alisema katibu, aliyeshuka nami, akacheka mpaka akaketi chini. Mimi sikucheka.

Ijumaa ya tatu ya Machi tulifika kwa kuchelewa kama kawaida, tukavuka hadi upande wa nyasi, tukafungua miavuli na kukaa tukiupa uwanja mgongo. Jua lilikuwa kali, na nyasi zilichoma kupitia kanga. Muda mfupi baadaye kelele zililipuka nyuma yetu. Nusu ya wanachama waligeuka.

“Geukeni huku,” niliwaambia.

“Mama, ni goli.”

“Najua ni goli. Geukeni.”

“Ni letu, mama.”

“Kwani lingekuwa la wageni mngegeuka? Tazameni huku.”

Mechi ilipokwisha, kijana mmoja wa televisheni alivuka uwanja mbio, kitambulisho kikimpiga kifuani.

“Shikamoo, mama. Jamani, mmependeza. Mtangazaji amewasifu mara nyingi. Ijumaa ijayo mnaweza kuja mapema?”

“Marahaba. Unajua kwa nini tulikaa vile?”

“Tulidhani ni staili yenu.”

Nilifunga mwavuli wangu polepole, nipate muda wa kuchagua maneno. Nilimweleza habari ya swala, ya barabara, ya simu zilizokuwa zikirushiana mzigo. Alinisikiliza vizuri, sina budi kukiri. Kisha akaniambia kitu ambacho nadhani hakupaswa kuniambia: bosi wake alilalamika kila wiki kwamba upande ule ukiwa mtupu, ligi huonekana haina watu.

“Basi mwambie bosi wako,” nilisema, “watu anao. Tutakaa hapa juani mechi nzima, na ngoma zetu. Lakini iwe Jumamosi, saa kumi. Akipenda Ijumaa saa nane, ataonyesha nyasi.”

“Siwezi kuahidi, mama.”

“Sijakuomba uahidi. Nimekuomba useme.”

Hatukusafiri tena baada ya siku hiyo. Ijumaa zilizofuata Coaster ilisimama, na ngoma zilikaa chumbani kwangu. Wanachama walinung’unika, baadhi hata mbele yangu, na mwenye banda alilazimika kuongeza mabenchi. Wiki ya tatu ya Aprili niliamini kwamba nilikuwa nimelizika tawi kwa kiburi changu. Siku ya Jumanne simu ililia, ni yule kijana wa televisheni. Mechi ya mwisho ya msimu ingechezwa Jumamosi saa kumi, kwa majaribio, mradi upande wa nyasi ujae.

Tuliujaza. Hata mwenye banda alikuja kuomba nafasi, nikampa kiti cha nyuma, juu ya gurudumu. Tuliingia uwanjani nyuma ya ngoma wachezaji wakiwa bado wanapasha moto misuli, na filimbi ya kwanza ililia tukiwa tumeshaketi.

Kisha nikatazama mbele, na sikuona kitu. Saa nane jua la Mikumi hukaa utosini. Saa kumi huwa limeteremka hadi usawa wa bati la magharibi, na sisi wa mashariki hulipokea lote machoni. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo, hata mimi niliyeiomba saa hiyo mwenyewe. Wachezaji walikuwa vivuli vyeusi vikikimbizana.

“Nani ana mpira?” aliuliza katibu.

“Sikiliza kelele,” alijibu dereva. “Wanaopiga kelele ndio wanaouona.”

Tulikaa hivyo hadi mwisho, mkono wa kulia juu ya paji la uso. Ndugu zetu waliotuona kwenye televisheni walisema tulionekana kama watu wanaopiga saluti. Timu yetu ilifunga, nasi tulishangilia baada ya kusikia wenzetu wa kivulini wakishangilia. Mfungaji ni nani, nilikuja kuambiwa getini.

Tulipokuwa njiani kurudi, katibu aliinama kwenye kiti changu, macho yake bado mekundu.

“Mama mwenyekiti, mechi nzima tumeipata. Tatizo ni kwamba hatujaiona.”

Nilimwambia aiweke hiyo kuwa ajenda ya kwanza ya mkutano wa Jumapili, na kwamba asithubutu kuisoma huku akicheka.