King'ora cha Robanda

Jeshini mimi ni fundi wa redio za mawasiliano. Sijawahi kwenda vitani. Kazi yangu ni ya mezani, karakanani, mbele ya mita ya kupimia umeme na kikombe cha chai. Lakini kila nilipokwenda likizo nyumbani Nyamisangura, watu waliniita "mwanajeshi wetu" na kuniuliza habari za mapigano, nami nilikuwa nikinyamaza kama mtu aliyekatazwa kusema. Walipenda ukimya ule. Mimi pia niliupenda.

Likizo moja, shangazi yangu aliyeolewa Robanda alinipigia simu. Kikundi chao cha wakulima kilikuwa na king'ora cha kufukuzia tembo, kinachotumia betri ya sola. Kilikuwa kimeanza kukoroma, na mahindi yalikuwa yanakaribia kukomaa.

"Wenzangu wanataka wakipeleke kwa fundi wa simu hapa senta," alisema. "Nimewakatalia. Nimewaambia mura wangu, kijana wa kaka yangu, anatengeneza redio za jeshi. Utakuja?"

Fundi huyo nilimjua kwa sura. Alitoka Tabora kuja kuchimba dhahabu, machimbo yakamshinda, akafungua kibanda cha kutengeneza simu. Nilicheka.

"Asikiguse huyo. Nakuja kesho."

Nilivaa kofia ya kikosi makusudi. Nilipofika, wanakikundi saba au wanane walikuwa wameketi uani kwa shangazi, na kiti changu kimefutwa vumbi. Niliwaamkia wazee shikamoo, nikafungua begi la vifaa taratibu ili waone kila kitu kilichokuwamo.

Ubovu wenyewe ulikuwa mdogo. Waya wa spika ulikuwa umeachia, unagusa na kuachia. Niliulehemu kwa dakika chache. Ikabaki kuunganisha betri.

Waya zote mbili za betri zilikuwa nyeusi, bila alama ya chanya wala hasi. Karakanani kwetu plagi zimetengenezwa ziingie upande mmoja tu. Hata ukiwa na usingizi huwezi kukosea. Mita ilikuwa kwenye begi, karibu na goti langu. Ningeitoa nipime, ingechukua muda wa kukohoa. Lakini watu walikuwa wakinitazama, na niliona kupima waya mbili tu kutanifanya nionekane mwanafunzi. Nikabahatisha.

Kulisikika mlio mdogo, kama punje ya mahindi ikipasuka kwenye kikaango. Kisha harufu ya kuungua.

Nilijua papo hapo. Nilichomoa waya, nikainama juu ya kile kifaa kama mtu anayetafuta kitu, nikasema, "Hiki kilishakufa ndani siku nyingi."

"Lakini juzi kililia," alisema mama mmoja kwa upole. "Kilikoroma, ila kililia."

"Mama, kifaa kinaweza kulia huku kimeshaharibika." Halafu nikauliza swali ambalo mpaka leo sijui lilitoka wapi: "Nani alikigusa kabla yangu?"

Wote waligeuka kumtazama mtunzaji wa king'ora, baba wa makamo aliyekuwa amesimama nyuma ya wenzake. "Mimi nilibadilisha waya za betri tu," alisema. "Panya walikuwa wamezikata."

"Basi ni hapo," nikasema.

Alitazama viganja vyake. Shangazi aliniletea chakula, kuku mzima, nami nilikula.

Wiki ile ile tembo waliingia. Wanakikundi walipiga madebe na sufuria, wakapiga kelele mpaka sauti zikawakauka, lakini shamba la shangazi lilikwenda karibu lote, na la mtunzaji yule pia. Shangazi aliponipigia nilikuwa nimesharudi kambini. Hakulalamika. Alisema wamemvua mwenzao utunzaji, na watu wanasema mikono yake ina mkosi.

"Wewe usijisumbue," aliniambia. "Ulijitahidi."

Miezi iliyofuata nilipima kila kitu mara mbili, hata nyaya zisizohitaji kupimwa. Mkuu wangu wa karakana alinisifu mbele ya wenzangu kwa uangalifu. Nilisimama wima nikapokea sifa ile, na masikio yakanichoma.

Nilipopata ruhusa tena, sikupitia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja Robanda. Shangazi alikuwa anapukuchua mahindi ya kununua. Nilimwamkia, nikakaa chini badala ya kwenye kiti, nikamwambia kwamba king'ora nilikiunguza mimi.

Hakuacha kupukuchua. "Najua."

"Unajua?"

"Baada ya tembo wenzangu walikipeleka kwa yule wa simu, akakifungua. Alibadilisha vitu viwili, kikalia. Akaniambia pembeni, mama, aliyeunga betri aligeuza waya. Nikamwomba asimwambie mtu."

"Kwa nini, shangazi?"

Sasa aliacha. "Kwa sababu ni mimi niliyewakataza wasimpelekee. Ningewaambia nini? Nimenyamaza, na yule baba anapita hapa kila siku ananiamkia." Sauti yake ilikuwa kavu. "Umenifundisha kusema uongo katika uzee wangu."

Nilikwenda kwa yule baba mwenyewe. Alikuwa anafunga ndama. Nilimweleza yote nikiwa nimevua kofia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Siku ile, uliponinyooshea kidole mimi, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Alikaza fundo la kamba. "Mimi nilishawaambia si mimi, hawakuniamini. Kawaambie wewe."

Jumapili, baada ya ibada, kikundi kilikutana uani pale pale. Nilisimama nikasema. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakaishia kuwa machache. Hakuna aliyenitukana; ningefurahi kama wangenitukana. Mzee mmoja alisema, "Haya, tumesikia," wakaendelea na ajenda ya mbegu. Mtunzaji alirudishiwa kazi yake siku hiyo, bila makofi, na alipokea bila kuniangalia.

Shangazi alinisindikiza mpaka barabarani. Hakunipa mkono wa kuaga. Alisema nimsalimie mama, akageuka. Siku hizi kitu kikiharibika kwake hukipeleka senta, naye akinitaja kwa watu husema tu kwamba nafanya kazi mbali.