Wimbo wa Lameki

Nakumbuka siku moja ya kupura uwele huko kwetu Kintinku, mwanangu, na kila nikiikumbuka naangalia chini, hata nikiwa peke yangu. Wewe umenijia na gitaa mgongoni, umeniamkia vizuri, ukaniomba nikufundishe ule wimbo wangu uliovuma. Kaa kwanza. Wimbo ule si wangu.

Enzi hizo nilikuwa na nywele kama kichaka na suruali pana chini, napiga roki na bendi moja ya Singida mjini. Gitaa la umeme, spika kubwa kama kabati, mimi ndiye mwimbaji, mimi ndiye mtunzi. Vijana wa Utemini walikuwa wananifuata mpaka mlangoni. Nilivimba kichwa, sikatai. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilisifiwa kupita kiasi. Kumbe kichwani nimeishiwa. Redio imetuita kurekodi, bendi inangoja wimbo mpya, na mtunzi mwenyewe hana hata mstari mmoja. Hapo ndipo nikamkumbuka shangazi yangu Mwendwa.

Shangazi ndiye aliyenilea. Gitaa langu la kwanza lilikuwa galoni la mafuta ya kupikia, na nyuzi zake nilizichambua kutoka kwenye waya wa breki wa baiskeli yake. Aliung'oa mwenyewe akanipa, na tangu siku hiyo akawa anashuka mteremko kwa kuburuza miguu. Shukrani ya punda ni mateke, utaona.

Alizaa mtoto mmoja tu, Lameki. Surua ikamchukua akiwa na miaka minne. Shangazi akamtungia wimbo, na kila mwaka tukipura, fimbo zikigonga uwele, alikuwa anauimba, na sisi sote tunaitikia jina la mtoto. Siku nyingine hakumtaja kabisa.

Na kwetu wimbo una mwenyewe. Ukitaka kuimba wa mwenzio, unatangaza kwanza: wa fulani huu. Watu wanaitika, ndipo unaendelea. Mtoto mdogo analijua hilo. Mimi nililijua.

Nikauchukua. Nikautoa kwenye Kigogo nikauweka kwenye Kiswahili, nikautia mbio, gitaa linanguruma, na pale penye jina la Lameki nikaweka Roza. Roza alikuwa msichana niliyekuwa namtaka wakati ule, ambaye wala hakunitaka. Mtangazaji akaniuliza nani katunga. Nikasema mimi. Neno lenyewe halikunikwama hata kidogo, na ndilo linaloniuma mpaka leo. Wimbo ukashika, watu wakaucheza harusini, nikapata jina.

Nikarudi nyumbani msimu wa kupura, nimevaa miwani ya jua, nataka nionekane. Ujinga mtupu. Nikawakuta wanagonga uwele kimya. Jirani mmoja, labda hakuwa na habari, akamwomba shangazi aanzishe wimbo wake. Shangazi hakunigeukia. Akaendelea kupiga fimbo, akasema, "Ule nimeacha. Redio inasema ni wa Roza."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikavua miwani, nikashika fimbo, nikapura mpaka mikono ikatoka malengelenge. Hakuna aliyeniambia pole, na sikustahili.

Jioni nikamfuata jikoni, nikapiga magoti, nikamwomba msamaha na kumwahidi kwamba nitakwenda redioni niseme ukweli. Akanipakulia ugali na mlenda kwanza. Nikala huku nalia, maana kukataa chakula chake lingekuwa kosa la pili. Ndipo akasema, polepole, "Nimekusamehe, wewe ni mtoto wangu. Lakini nikiimba sasa, watoto wataitikia Roza. Lameki wangu ataitikiwa na nani?"

Redioni nilikwenda, nikasema, wakatangaza mara moja tu. Maji yakimwagika hayazoleki; watu waliendelea kucheza.

Shangazi hakuuimba tena. Siku tuliyomzika, nikasimama kaburini bila gitaa, nikatangaza kwa sauti: wa Mwendwa huu. Nikaimba kwa Kigogo, taratibu, kama alivyokuwa anauimba. Nilipofika penye jina, wazee wenzangu wakaitikia Lameki. Vijana waliokuwa nyuma, kwa heshima zote, wamevua kofia, wakaitikia Roza. Hawakuwa na kosa, mwanangu. Ni mimi niliyewafundisha.

Basi sikia, na usinionee haya, mimi mwenyewe nimeshazoea kuwa nayo. Ukiishiwa, kubali umeishiwa; kaa kimya msimu mzima, hakuna aliyekufa kwa kukosa wimbo. Ukichukua cha mtu, mtaje kabla hujagusa uzi wa kwanza, maana ukimtaja baadaye wanasikia wachache. Na kabla hujabadilisha neno lolote, muulize mwenyewe limebeba nini. Mimi niliona jina tu. Yeye alikuwa amemweka mtoto wake humo.

Mungu akupe vidole vyepesi, akupe na ulimi mzito kila unapotaka kusema "mimi". Akukutanishe na watu wa kukuitikia, na uliowapenda wasikosewe majina yao.

Haya, lete gitaa. Nitakufundisha, lakini kwa Kigogo. Sema kwanza: wa Mwendwa huu. Nikifika penye jina, uitikie Lameki, kwa sauti, nikusikie.