Aiskrimu Iliyoungua

Kazi niliianza kwa makalio. Msicheke, ninyi wa darasa la nne. Hiyo ndiyo ngazi ya kwanza ya kazi hii, na wengi wenu hata hiyo hamuiwezi. Shangazi Ndeshi alikunja gunia lililolowa, akaliweka juu ya ndoo ya mti, akaniambia, "Kaa hapo, wala usitikisike mpaka nikwambie." Nikakaa. Chini ya gunia kulikuwa na barafu, na baridi yake ilinipanda mpaka kwenye meno. Cheo changu kiliitwa "uzito".

Sasa nimestaafu. Nina miaka kumi na mitano, nipo darasa la nane, na nimeona niwaeleze aiskrimu ilivyotengenezwa enzi zetu, yaani mwaka juzi, maana nasikia mnadhani inaota dukani.

Mashine ilikuwa ndoo ya mti yenye kopo la bati ndani yake. Ndani ya kopo mna mbao za kukorogea, na juu pana mkono wa chuma wa kuzungushia. Maziwa, mayai na sukari hukaa ndani ya kopo. Barafu iliyopondwa hukaa nje yake, imenyunyiziwa chumvi ya mawe ili ubaridi uzidi ukali. Chumvi hiyo haiingii kwenye maziwa! Nasema hivi kwa sababu namfahamu mtu aliyeiingiza, naye leo ni kiranja wenu. Unazungusha mpaka mkono wa chuma uwe mzito. Hapo tunasema "imeshika". Ukiacha kabla haijashika, umetengeneza maziwa baridi, usijisifu. Ikishika, unachomoa zile mbao, na anayezilamba ni mzungushaji. Hiyo si tamaa, ni mshahara.

Ndoo yenyewe Shangazi aliachiwa na Memsabu wa shamba la kahawa alikokuwa mpishi, Memsabu aliporudi kwao Ulaya. Mtunza bustani aliachiwa mbwa. Barafu tuliinunua mjini, kwenye bucha lenye mtambo wa kugandishia, nami nikaibeba kwa baiskeli hadi Kaloleni, imezikwa ndani ya maranda ya maseremala wa Ngarenaro. Nilipoongezeka kimo nikapandishwa cheo kuwa mzungushaji, na binamu yangu Eliya, mtoto wa Shangazi, akarithi uzito.

Shida ilikuwa mahali pa kuuzia. Shangazi aliuzia mlangoni pa chumba chake cha kupanga, ambako majirani walikuja kuonja, na kuonja kwao hakukuwa na mwisho. Baraza la shule yetu, penye watu kila Jumamosi baada ya mpira, lilikuwa na mwenyewe: gari la kusukuma la duka moja la mjini lenye friji ya umeme. Aiskrimu yao ilikuwa ya rangi ya waridi. Nimezunguka Meru nzima, ng'ombe wa waridi sijamwona.

Basi siku moja Mwalimu Mkuu akamwita Shangazi. Huyu bwana ni mtu wa mlimani kama sisi, ila aliteremka zamani akavaa tai.

"Mama Eliya," akasema, "Bwana Shauri atatutembelea. Mkuu wa wilaya mzima! Tengeneza aiskrimu. Wageni wakiridhika, baraza hili ni lako kila Jumamosi. Yule wa gari atatafuta kivuli kingine."

Shangazi hakulala kwa furaha. Alitaka maziwa mazito, akanituma kwa Bibi, mama yake, kule juu migombani.

"Maziwa haya anakunywa nani?" Bibi akauliza.

"Bwana Shauri, Bibi."

"Hee! Mgeni mkubwa hivyo? Hebu subiri nikifukize kibuyu tena."

Ninyi wa mjini hamjui. Kwetu kibuyu cha maziwa husafishwa ndani kwa kaa la moto la mzeituni pori, na maziwa hunukia moshi mtamu. Kadiri mgeni anavyokuwa mkubwa ndivyo kibuyu kinavyofukizwa zaidi. Kwa heshima aliyopewa Bwana Shauri siku ile, kibuyu kilitoa moshi kama treni ya Moshi.

Shangazi alipokifungua akanusa, akanusa tena. "Ni maziwa ya mama yangu," akasema. "Zungusha."

Nikahamishiwa jiko la shule. Nilizungusha mpaka bega likaomba likizo. Ikashika vizuri ajabu, nyeupe, na vidoadoa vya mkaa kama yai la kanga. Mwalimu Mkuu akaingia na kijiko chake. Akanusa. Akaweka kidogo sana kwenye ncha ya ulimi.

"Mama, hii imeungua!"

"Imeungua wapi, Mwalimu? Tangu asubuhi imo kwenye barafu!"

"Nasikia moshi. Nimlishe Bwana Shauri moshi?"

"Ni kibuyu, Mwalimu. Wewe mwenyewe umekua na kibuyu."

"Nimekua, Mama. Ndiyo faida ya shule." Akanigeukia. "Wewe Naftali, mbio! Kaite lile gari la kusukuma."

Mimi! Mzungushaji, jasho halijakauka, nikamwite adui! Nilikwenda, kwa sababu fimbo alikuwa nayo yeye.

Bwana Shauri aliletewa ya waridi, imeshaanza kuwa supu. Akalamba mara mbili, akasema, "Mzuri sana," kwa Kiswahili chake cha Kizungu na kwa sauti ileile aliyowasifia wanakwaya, kisha akamkabidhi karani wake sahani. Mwalimu Mkuu akainama. "Tumeinunua mjini, Bwana," akasema, kwa majivuno ya mtu aliyejifungua mapacha.

Wageni walipoondoka akaja jikoni, akafunga mlango, akaomba bakuli. Alikula amefumba macho. "Mama yangu alikuwa anafukiza hivi hivi," akasema polepole. Akaomba bakuli la pili. Shangazi akamchotea, akasimama na mwiko wake, akingoja neno moja tu: baraza.

Mwalimu Mkuu akafuta midomo. "Kuhusu baraza, Mama, utaelewa. Bwana Shauri ameshasifu ile ya dukani."

Hapo ndipo damu yangu ilipochemka, na mpaka leo haijapoa, hata ukiizungushia barafu. Kama aiskrimu ni mbaya, imwage! Kama ni nzuri, mpe mtu baraza lake! Lakini kuila umejifungia na kuikana ukiwa umevaa tai, hiyo naona hata Petro alifanya na jogoo akamsema.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu Mkuu akanipa bakuli lenye kifuniko. "Mwambie shangazi yako aweke ile ya moshi. Na usipite barazani."

Kaloleni nilikuta foleni. Wafanyakazi wa jiko la shule walikuwa wameitangaza, na sasa watu wazima wanasema, "Nipe ya moshi." Shangazi akalipokea bakuli, akalifuta kwa kanga, akalirudisha tupu.

"Mwambie Mwalimu Mkuu leo imeungua."

Nikaufikisha ujumbe kama ulivyo, barazani, kwa sauti ya gwaride, mbele ya walimu wote. Fimbo zikafuata. Mkono aliouchagua ni wa kulia, wa kuzungushia, na hivyo ndivyo nilivyostaafu kwa sababu za kiafya. Eliya amechukua nafasi yangu. Anazungusha kama anayesukuma bibi kizee.

Mstaafu ana ruhusa ya kukaa popote, nami hukaa juu ya gunia, mahali nilipoanzia. Kutoka hapo naona vizuri. Baraza bado ni la gari la waridi. Lakini kila Jumamosi jioni baiskeli hupita mlangoni kwetu, hupunguza mwendo, na tai huuliza, "Mama Eliya, leo vipi?"

Shangazi hageuki. "Imeungua, Mwalimu."

Na foleni nzima, huku inalamba, huitikia: "Imeungua kabisa!"