Akiru, Mbwa Wake na Maini Yangu

Akiru ananiletea makaa mwaka wa kumi na mbili sasa, na tangu siku ya kwanza mbwa wake ananitia kinyaa. Mbwa anaitwa Bosi, kwa sababu hafanyi kazi. Hutangulia mbele, Akiru nyuma na gunia kichwani, kutoka ng'ambo ya mto Turkwel mpaka kibanda changu hapa Lodwar, ninapopika matumbo na maini. Akishusha gunia, Bosi anamlamba mikono, halafu mikono hiyohiyo inanyooshwa kwangu kwa salamu ya Kiturkana.

"Ejok, Mama Sylvia."

"Ejok gani na mate ya mbwa? Nawa kwanza."

Anacheka. Akiru hucheka kwa meno yote hata ukimtukana. Ni mjane, mwembamba kama ufito, na kwa makaa hayo amelea watoto wanne.

Siku moja nilienda kwake kuona mjukuu mpya. Mtoto akajisaidia mchangani. Mama yake hata hakuinuka, alimwita mbwa. Bosi akaja, akamlamba mtoto matako mpaka yakang'aa, kisha akahamia kwenye sufuria ya uji. Nilitapika nyuma ya boma. Mimi nilitoka Busia na marehemu mume wangu Wandera, serikali ilipomleta kazini huku, na kwetu mbwa hakanyagi hata mlango wa jikoni.

"Maji iko mbali, mama," Akiru akaniambia. "Mbwa iko karibu."

Nilirudi mjini nikatangazia kila mtu. Mimi ni msafi, ulizeni pale kichinjioni. Ini likiwa na vile vifuko vya maji, vyeupe, vinavyotikisika kama jicho lililong'olewa, wenzangu wanavipasua na kuuza ini hivyohivyo. Mimi hapana. Nakata vyote, natupa nyuma ya kibanda, mbwa wanamaliza, mahali panabaki safi. Hakuna mteja aliyewahi kukuta uchafu kwenye sahani yangu. Nilijivunia jambo hilo, na wala sikulificha.

Miaka mitatu iliyopita tumbo la Akiru likaanza kuinuka, upande wa kulia, chini ya mbavu. Wauza mboga wakapata la kusema.

"Akiru, baba wa huyo ni nani?"

"Ni Bosi," akajibu.

Wakaanguka kwa kicheko. Mimi nikatema mate.

Lakini mimba ya miaka miwili hakuna. Akawa anapumzika mara tatu njiani, ameshika ubavu. Kisha asubuhi moja akaniambia amepata mzee fulani, njia ya Kakuma, anayetoboa tumbo kwa chuma cha moto na kumwaga maji. Mbuzi wa kumpa ameshamtenga.

"Utobolewe wewe ni mtungi?" nikamwambia. "Alhamisi inakuja mashine ya picha pale zahanati. Bure."

"Inaona nini, hiyo mashine?"

"Inaona upumbavu."

"Basi twende wawili, mama. Ione na yako."

Nilienda. Sitasema ni kwa upendo. Nilitaka aambiwe na daktari kuhusu yule mbwa, maana mimi nimesema mpaka koo limekauka.

Kwenye mashine alikuwa Chelangat, msichana mtulivu. Alimpaka Akiru jeli baridi tumboni, akapitisha kile kichwa cha mashine, akatugeuzia kioo tuone. Ndani ya ini palikuwa na duara jeusi, kubwa kama kichwa cha mtoto, na ndani yake viduara vingine vidogo. Nilivijua. Kila asubuhi navishika kwa mikono yangu.

"Kifuko hiki hakitobolewi nyumbani," Chelangat akasema. "Kikipasuka ndani, maji yake yanaweza kukuua palepale, au yazae vifuko vingine tumbo zima. Utaanza na vidonge, miezi kadhaa, halafu daktari wa upasuaji atakuona."

"Imetoka wapi?" Akiru akauliza.

"Kwa mbwa. Ana minyoo midogo sana, na yeye mwenyewe haonyeshi ugonjwa. Mayai ya minyoo hutoka na mavi yake, yanashika kwenye manyoya na ulimi, nawe unayameza na chakula kwa mikono isiyooshwa. Kifuko kinakua polepole, miaka na miaka."

Nikamgeukia Akiru. "Nilikuambia, sikukuambia?"

Hakuniangalia. Akamuuliza Chelangat, "Na mbwa inatoa wapi hiyo minyoo?"

"Akila ini au mapafu mabichi yenye vifuko. Asipotupiwa hivyo, hapati. Wako anakula wapi?"

Akiru alishusha nguo yake taratibu. Alijua. Miaka yote hiyo Bosi amekuwa akishiba nyuma ya kibanda changu.

"Anazungukazunguka tu mjini," akasema.

Mwanamke niliyemwita mchafu mbele ya watu ananifichia uchafu wangu! Hilo sikuliweza.

"Anakula kwangu," nikasema. "Ninamtupia mimi."

Chelangat akaniomba na mimi nilale. Nikalala, mzee mzima, tumbo nje. Ini langu likakutwa safi kabisa. Nusura nimwambie atafute tena. Nilinawa, nikasugua, nikachemsha, na uchafu wote nikampelekea anayeniletea makaa.

Mbuzi wa yule mzee hakwenda kokote. Akiru alimeza vidonge vyake, kisha wakampasua, kifuko kikatoka kizima. Naye Bosi hupewa dawa ya minyoo kila baada ya wiki sita, na anayemshika taya ni mimi, mate yakinitiririka hadi kwenye kiwiko. Mavi yake ya siku zinazofuata nayafukia mwenyewe. Bado kinyaa kinanishika, sijabadilika. Nyuma ya kibanda nimechimbisha shimo la kimo cha mtu, lina kifuniko cha bati, na vifuko navichoma humo kabla ya jua kuwa kali. Wenzangu wa kichinjioni wananicheka. Wacheke, lakini vifuko vyao navyo nimeanza kuvibeba kwa ndoo mpaka shimoni kwangu.

Juzi Akiru alirudi, bila gunia, kovu bado linamvuta akitembea. Nilikuwa natoka shimoni. Nikamnyooshea mkono kabla yake.

"Ejok, Akiru."

Akautazama mkono wangu, damu ya maini mpaka kwenye kucha, akarudisha wake nyuma.

"Nawa kwanza, mama."

Nikaenda nikanawa.