Maneno Matatu ya Moyo wa Mama

Mama alikuwa na maneno matatu ya kile kitu kinachodunda kifuani, na hakuyachanganya hata siku moja. Moyo ulikuwa wa daktari, ule unaopimwa. Roho ndiyo iliyokasirika na kutamani. Mutima, neno alilolitoa kwenye Kinande chetu, ulikuwa chumba cha ndani walimokaa watu wake. Akikupenda alisema umo, akikuchoka alisema ameshakutosha, yaani amekutoa. Mimi, mwalimu wa Kifaransa, nilimwambia yote matatu ni kitu kimoja. Alinitazama kwa huruma, kisha akaendelea kuchambua maharagwe yake.

Mwaka ule moyo ulikuwa umepanuka. Miguu yake ilivimba, akawa analala ameketi, mito mitatu mgongoni. Daktari mmoja hapa Butembo alinivuta kando akaniambia mama asipewe habari ya kumshtua. Neno hilo nililishika kweli kweli. Nililipeleka kwa ukoo mzima, hata kwa watu ambao hawakuniuliza.

Haikupita miezi miwili, mdogo wangu akauawa na waasi shambani kwake upande wa Mangina, akivuna kakao. Alikuwa kitinda mimba wa mama. Maiti ililetwa Beni, kwa baba mdogo, katika mtaa wa Ruwenzori, na wazee wakakaa uani kupanga mazishi. Kwetu mama mzazi ndiye hukaa karibu kabisa na maiti ya mwanawe, na pikipiki ya kwenda kumchukua mama Butembo ilikuwa tayari mlangoni. Nikasimama, nikawakumbusha maneno ya daktari. Wazee wale huwa hawanisikilizi hata nikiwaambia mvua inanyesha, lakini siku ile walinisikiliza. Wakakubaliana kwamba mama ataambiwa kijana amevuka mpaka wa Kasindi, yuko Uganda, anatafuta maisha. Tukamzika bila mama yake.

Nilirudi nyumbani kwetu Butembo, mtaa wa Kimemi, nimenawa uso na kuvaa kitambaa cha rangi badala ya cha msiba. Majirani waliokuja kutoa pole niliwazuia kwenye kiingilio cha parcelle, kiwanja chetu, na kila mmoja aliahidi kufunga mdomo. Misa ya kumwombea tuliisomesha Beni, ili jina lake lisisomwe parokiani kwetu mama akiwa amekaa pale mbele. Nilipata hata wazo la kununua kitenge na kusema mwanawe amekituma. Baba mdogo alikataa kabisa: kumvisha mama nguo kwa jina la maiti ni kumtafutia balaa. Kwa hiyo kutoka Uganda hakikufika kitu, hata sabuni.

Mwanzoni mama alimsifu kwa kujituma. Kisha akaomba namba yake ya simu, nikasema laini haipatikani. Baadaye akawa anauliza kila aliyetoka Kasindi, na kila mtu, kwa wema, akajibu alimwona kwa mbali, ni mzima, amenenepa. Ilipokaribia Noeli alipika ndizi mara mbili ya zile tulizoweza kula. Tulizila siku tatu, na baada ya hapo hakumtaja tena.

Miguu ilipungua uvimbe. Daktari alinipongeza, akasema moyo unakwenda vizuri, na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia fahari. Nyumbani mama alikuwa amekuwa mkali, hacheki, anasukuma sahani. Wajukuu walianza kumkwepa. Nilijua ni roho iliyokuwa inaharibika, tena nilijua ni nani aliyeiharibu, lakini kila asubuhi nilihesabu vidonge vyake na kunyamaza.

Ulipita mwaka na zaidi, moyo ukachoka tena, safari hii moja kwa moja. Alasiri moja nilikuwa nampaka mafuta miguuni. Kwetu, siku ya maziko, watoto hutupa udongo kaburini kwa mpangilio wa kuzaliwa, na mama akaanza kunieleza anavyotaka tumzike: wimbo gani, kitenge gani.

« Ule ndugu yako nilishamutosha mu mutima, » akasema. « Mutu iko muzima, na hapana kuuliza mama yake hata siku moja. Siku nitakufa, muache akuje, akule, alale. Lakini bulongo, asitupe hata kidogo juu yangu. »

Mkono wangu ulisimama kwenye kisigino chake. Kumwambia kulihitaji maneno machache tu. Niliyapanga yote, nikatazama ule mshipa wa shingo uliokuwa unarukaruka, nikaogopa. Nilimwogopea yeye, na nilijiogopea mimi zaidi, kwa sababu angeniuliza ni nani aliyeizuia ile pikipiki.

« Ndiyo, mama, » nikasema.

Alikufa wiki iliyofuata, mchana, akingoja uji. Makaburini baba mdogo alituita mmoja mmoja, mkubwa kwanza, na nikatupa udongo wangu. Wengine walipomaliza, aliniita tena. Akaniwekea udongo mwingine mkononi, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba sasa mama amekwisha kuonana na mwanawe, nitupe kwa niaba ya marehemu mdogo wangu. Nilisimama pale kwenye ukingo, ngumi imefungwa, hadi watu wakaacha kuimba. Nikamwambia siwezi, mama alikataza.

Hakuna aliyeniuliza sababu.